Nimeoza Michungwa ya Bwana Esmailji

Maramba, Tanga
16 Januari, 1956

Kwa Bwana Mkaguzi wa Vyeti vya Bustani,
Tanga Mjini

Bwana Mkaguzi,

Shikamoo, ingawa umri wako siujui. Ikiwa u mdogo kwangu, iweke mpaka utakapoistahili. Huku sote tu wazima na miti ni mizima. Kilichokufa ni cheti changu tu, na ndicho kilichonitia kalamu mkononi.

Mimi ni Kristofa Singano, mtunza bustani ya michungwa ya Bwana Esmailji, yule mwenye duka la vitambaa hapo mjini. Cheti cha ubustani nilikipata kwa jasho, na kila Desemba hukileta ofisini kwako, nikafanya mtihani, kikagongwa muhuri wa mwaka unaokuja. Desemba iliyopita nilinyimwa muhuri. Bwana Esmailji ameniambia kwamba bila muhuri hana njia ila kumweka Luka, mtunza bustani mwenzangu, mahali pangu mwisho wa mwezi huu, na kumpa Luka huyo nyumba ya bustanini tunamolala mimi, mke wangu Lea na watoto. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa adabu zote, nami nimeyatia namba ili yasigombanie mlango.

1. Neno kuoza. Swali la kwanza lilitaka nieleze kazi niliyoifanya mwaka mzima. Nikaandika kwa hati yangu nzuri: “Mwaka huu nimeoza michungwa yote ya Bwana Esmailji, na mwakani, Mungu akipenda, nitaoza na michenza.” Msahihishaji wako, ambaye nasikia Kiswahili amekisomea mbali na pwani, akaandika chini yake kwa wino mwekundu: “Hafai. Amekiri mwenyewe.”

Bwana Mkaguzi, huku kwetu baba akimwoza binti yake, je, binti hunuka? Wenye vitabu husema kupandikiza. Sisi husema kuoza, maana kitawi cha mchungwa mtamu ndiye bibi arusi, na shina la mlimau mkali ndiye bwana. Mimi huwafungisha kwa kisu na ukambaa wa mgomba, na talaka hakuna.

Habari hizo zilipomfikia Bwana Esmailji, alipanda motokaa akaja Maramba na leso puani. Alizunguka bustani nzima akaona majani yanameta na machungwa yanalemea matawi. Akaiondoa leso, akanusa, akairudisha. Kisha akanieleza kwa huruma kwamba mti huanza kuoza ndani, na kwamba ofisi nzima haiwezi kupoteza wino mwekundu kwa uongo. Niliumia sana siku ile, maana nilikuwa nimesimama kivulini mwa miti yenyewe.

2. Kilatini. Mtihani wenu unataka majina ya miti kwa Kilatini. Mimi ni Mluteri. Kilatini tuliwaachia Wakatoliki zamani, wala hatujarudi kukidai. Lakini kwa kuwa sipendi kushindwa, nilimwendea jirani yetu Bibiana, Mkatoliki asiyekosa misa, naye kwa moyo wake mwema akanifundisha Kilatini chote alicho nacho. Ndiyo sababu katika karatasi yangu mwembe uliitwa Dominus vobiscum, na mlangilangi Ora pro nobis. Nikapewa sifuri mbili. Bibiana amenuna mpaka leo, kwani yeye kwa maneno hayo hayo hajafeli hata Jumapili moja.

3. Kufa kwa cheti. Nasikitika kwamba cheti hufa mwaka ukifa, hata kama mwenyewe hajambo. Asubuhi ya mwaka mpya nilikuta konokono wamejaa katika miche. Kwa kuwa mimi ni mtu wa sheria, na kisheria sikuwa tena mtunza bustani, nilifunga mikono nyuma nikawatazama. Nao hawakuuliza muhuri wa mtu. Lea alipoona nimesimama hivyo kama mgeni kwangu, alinipita na ufagio akawaondoa wote. Lea hana cheti chochote. Naomba nijulishwe kwa maandishi kama mke wangu ni mhalifu.

4. Luka. Huyu muhuri anao. Cheti chake amekitia katika fremu ya kioo, akakitundika pale ilipokuwa picha ya arusi yake. Kanuni inasema miche imwagiliwe kila jioni. Basi vuli iliyopita, mvua inanyesha ya kuvunja mabua, nilimwona kwa macho yangu akimwagilia, mkono huu ndoo, mkono huu mwavuli. Miche yake ilikufa maji, lakini ilikufa kwa kufuata kanuni. Sisemi haya kwa wivu. Au tuseme wivu upo, lakini si mwingi.

5. Popo. Karibu mipera yote ya Maramba imepandwa na popo, ambao hawajawahi kuonekana katika chumba cha mtihani. Nyuki wanaingia kila ua bila ruhusa. Panda hadi Amani, utakuta msitu mzima umejiotea bila kuandikishwa. Hata baba yetu Adamu, mtunza bustani wa kwanza, alifukuzwa kwa sababu ya tunda. Sijasikia kwamba alikosa muhuri.

Kwa hiyo naomba moja katika haya mawili. Ama popo, nyuki na konokono waitwe Tanga Desemba ijayo, waketi dawati moja nami. Ama vyeti vifutwe kwa watu wote, tangu Moa hadi Pangani, na kila mkono ujulikane kwa matunda yake. Fanyeni upesi. Lea ameanza kufunga vyungu kwa kamba, na kila siku naona fundo jipya. Hilo silo la mzaha, Bwana Mkaguzi.

Nisalimie wa nyumbani kwako, karani wa dirishani, askari wa mlangoni, na hata yule bwana wa wino mwekundu: Mungu amwongezee wino, ampunguzie haraka.

Ni mimi niliyeoza, wala sijaoza,

Kristofa Singano

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado wazi tarishi alipoleta barua yako. Kumbe karani wenu mpya, Idarusi, mzaliwa wa Mtang'ata huko pwani, alilisoma jibu langu akacheka mpaka akashika mbavu, akawaeleza maana yake, nanyi mmenipa muhuri. Nashukuru. Basi yote niliyoyaandika hapo juu yafutwe. Nayatuma kwa sababu tu hati imenitokea vizuri. Badala yake nashauri mtihani uongezwe ugumu, Kilatini kisiguswe, na wote wanaooza miti bila cheti wakamatwe, maana wanatuharibia kazi sisi wenye ujuzi. Mnaweza kuanza na Mzee Methusela wa Daluni. Ni mkwe wangu, na ndiye aliyenifunza kushika kisu, lakini cheti hajapata kuwa nacho maishani. Ila tafadhali msiende Jumapili, siku hiyo huwa tunakula kwake.