Haruzai Saba na Mlango Mmoja

Siku hiyo Chenga hakwenda ofisi ya vibanda kumtapeli mtu. Alikwenda kusema kweli, na kweli ikamkalisha kwenye benchi saa nne nzima. Askari wa manispaa walikuwa wamemnyang'anya dada yake cherehani kwa kosa la kushonea kando ya njia. Alishonea kando ya njia kwa sababu hana kibanda, na anayegawa vibanda ndiye huyo huyo anayewatuma askari. Mtu wa kawaida akilifikiria hilo anaumwa kichwa. Wakubwa wanaliita utaratibu.

Alipoitwa ndani, macho yake yalimruka Afisa Vibanda yakatua nyuma yake, kwenye kabati la vioo. Humo hamkuwa na faili hata moja. Kulikuwa na visanamu vya plastiki: wasichana wenye mikia ya mbweha, wazee wenye mapanga marefu kuliko wao, wote wamefutwa vumbi vizuri kuliko raia yeyote alivyowahi kuhudumiwa pale.

"Cherehani iko kwenye uchunguzi," Afisa alisema bila kuinua kichwa.

"Hewala, mkubwa. Naona unakusanya Mashujaa wa Mwezi wa Saba, wale wa katuni. Mbona Haruzai simwoni?"

Kichwa kikainuka. Wananchi walikuwa wamekisubiri kichwa hicho miaka sita.

"Unamjua Haruzai? Mkurugenzi anaye. Kila kikao anamweka mezani, mbele ya pua yangu. Makusudi!"

"Pole, mkubwa," akasema Chenga, na sauti yake ikalainika kama siagi juani. "Kuna mtu namfahamu."

Mtu mwenyewe alikuwa dada yake, na Haruzai wake walikuwa saba, kwenye boksi chini ya kitanda. Aliachiwa na mwenye duka aliyefilisika, badala ya malipo ya mapazia. Wote walikuwa kijana mmoja mwenye nywele za buluu, upanga mmoja, na tabasamu moja la mtu asiyelipa kodi.

"Dada, hivi huyu yuko mmoja au wengi?"

Dada mtu alikuwa akishona kwa mkono, pini mdomoni. Miaka tisa alikuwa akitazama katuni ile kwenye simu iliyoegemezwa kopo la vifungo. Alivyowajua mashujaa wale, hata shangazi zake hakuwajua hivyo.

"Inategemea. Kwenye katuni ni Haruzai. Kwenye gemu la kwanza mtu huyo huyo anaitwa Orin. Gemu la pili Orin yumo, ila siye yeye, ni pacha wake. Halafu yuko Haruzai Sifuri, aliyekuwepo kabla Haruzai hajazaliwa."

"Na sura?"

"Sura ndiyo hiyo hiyo. Wenye kampuni wakiishiwa hadithi wanabadilisha jina. Kuchora uso mpya ni kazi."

Na wewe msomaji usicheke, maana mchezo huu tumechezewa sote. Hospitali aliyolazwa marehemu mke wangu ilibadilishwa jina mara tatu, kila mara kwa utepe na hotuba. Jina jipya lilifika kila mara. Kitanda hakikufika.

"Wenye sura hii jumla wangapi?" Chenga aliuliza.

Dada akahesabu kwa vidole. "Saba."

Chenga akacheka, akalitazama boksi kama mtu aliyekuta mlango wa jirani haujafungwa.

"We mdogo wangu, nakujua kicheko hicho," dada akamwonya. "Mimi nataka mlango mmoja tu wenye kufuli. Mmoja! Cherehani yangu ilale ndani na mimi nilale kwa amani. Usije ukaanza."

Alikuwa ameshaanza. Kesho yake alimpelekea Afisa kisanamu cha kwanza kimefungwa kwa kitambaa.

"Hela sitaki, mkubwa. Hela zina mdomo. Nipe barua ya kibanda, yenye muhuri."

Muhuri ukagonga. Wiki iliyofuata akapeleka cha pili, barua ya pili ikatoka. Cha tatu kilipofunuliwa, Afisa akavipanga vyote mezani, akavaa miwani.

"We bwana, hawa si mtu mmoja?"

"Astaghafiru, mkubwa! Wasikusikie wenye kujua! Huyu ni Haruzai. Huyu ni Orin, ambaye ni Haruzai, lakini hajaambiwa. Na huyu ni Haruzai wa Pili."

"Anayemfuata wa kwanza?"

"Anamtangulia. Ndiyo maana ni adimu."

"Mkurugenzi anaye?"

"Mkurugenzi? Masikini ya Mungu, yeye anadhani Haruzai ni mmoja!"

Afisa akatabasamu polepole. Alizitazama zile sura tatu kwa muda, akamtazama Chenga, akavuta karatasi. "Unasema sura moja, majina tofauti, na kila jina ni kitu kamili?"

"Ndiyo utaalamu wenyewe, mkubwa."

"Nimejifunza," akasema Afisa, na muhuri ukagonga.

Mwisho wa mwezi Chenga alikuwa na barua saba: Kibanda Namba 14 Soko Jipya, Chumba cha Kona Kituo cha Biashara, Ofisi ya Chini Jengo la Maendeleo, na nyingine nne zenye majina ya kupendeza hivyo hivyo. Kimoja cha dada, sita vya kupangisha. Alinunua miwani ya jua, akaanza kutembea kama mwenye nyumba.

Yeye na dada yake walimkuta mlinzi wa soko na shada la funguo. Akaisoma barua ya kwanza, akawapeleka chini ya ngazi, kwenye mlango wa bati.

"Hapa."

"Sawa. Na Chumba cha Kona?"

Mlinzi akasoma. "Hapa hapa. Soko Jipya liliitwa Kituo cha Biashara lilipozinduliwa mara ya pili."

"Jengo la Maendeleo?"

"Uzinduzi wa tatu. Bwana, usinichoshe na karatasi. Nimelinda hapa miaka kumi na minne, mlango usio na mpangaji ni huu tu. Majina yamepita mengi."

Chenga akazimaliza zote saba, na mara saba kidole cha mlinzi kikaelekea kwenye bati lile. Kufuli likafunguliwa. Ndani walikuta mizigo iliyonyang'anywa barabarani: mizani, miavuli, meza za kukunja. Na pembeni, imefunikwa gunia, cherehani.

Dada aliipangusa kwa kanga yake, akalizungusha gurudumu, ikaitika.

Chenga alikimbia ofisini moto unamtoka puani. Mlangoni kibao kilikuwa kipya, rangi haijakauka. Nyuma ya meza alikaa mtu yule yule, na nyuma yake Haruzai saba walichekelea.

"Afisa Vibanda! Umenitapeli!"

"Afisa Vibanda hayupo tena," mtu yule alijibu kwa upole. "Idara imeundwa upya. Mimi ni Mratibu wa Maeneo ya Biashara. Barua za mwenzangu hazitambuliki. Kibanda Namba 14 kitarudishwa, askari wanakwenda leo."

"Lakini mkubwa, ni wewe!"

"Sura," akasema Mratibu, akimpangusa Haruzai Sifuri vumbi. "Sura ndiyo hiyo hiyo. Mtu ni mwingine. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Chenga alirudi mbio kumwokoa dada yake. Alichelewa. Askari watatu walikuwa wamesimama mlangoni na daftari.

"Mama, tunatafuta Kibanda Namba 14."

"Hapa sipo," alisema dada bila kusimamisha cherehani, akaonyesha kwa kidevu juu ya mlango. Pale palikuwa na kibao cha boksi, maandishi ya chaki ya fundi: *Ushonaji Haruzai Sifuri*.

Askari wakafungua daftari. Wakatafuta Soko Jipya, Kituo cha Biashara, Jengo la Maendeleo. Haruzai Sifuri hakuwemo popote. Askari asiyekuta kitu kwenye daftari hakioni hata akikikanyaga. Wakaomba radhi, wakaondoka kukitafuta kibanda hicho, na nasikia wanakitafuta hadi leo.

Chenga akavua miwani, akaingia taratibu.

"Dada, ni mimi, mdogo wako."

"Mdogo wangu alikuwa na vyumba saba," dada akasema, akamsogezea kopo la vifungo. "Wewe ni mgeni. Kaa hapo, ushone."