Habari za Kupigwa Chapa kwa Fimbo za Gofu

Ti. Ti. Ti. Hivyo ndivyo vita vilivyoanza, alfajiri kabla ya mwanga, jikoni kwangu, kwa mlio mdogo wa msumari juu ya chuma. Sogeeni basi, enyi mlioamka na enyi mnaojifanya mmelala, wake kwa waume, mpate kusikia habari za shujaa ambaye hajapata kusifiwa na mtu, Mwenye Magoti Yaliayo, Bingwa wa Kutafuta Miwani Iliyo Usoni Pake, aliyejitosa peke yake kupambana na mfuko mzima wa fimbo za gofu. Shujaa huyo ni mimi. Mnaotaka kucheka chekeni sasa, tusije tukakatizana huko mbele.

Chanzo cha vita ni mjukuu wangu, binti ninayeishi naye, ambaye kazi yake ni kubeba mifuko ya wachezaji kwenye uwanja wa gofu. Wao hupiga mpira, yeye huutafuta majanini. Daktari mmoja wa meno, mzee ambaye mgongo wake ulikuwa umeukataa mchezo, alimpa fimbo zake za zamani, akamwambia kwamba mkono wake unafaa kupiga, si kubeba tu. Aliyasema hayo mbele ya watu, makusudi, ili binti wa watu asije akadhaniwa ameiba. Wema wa namna hiyo mimi huuona mbali hata bila miwani, na nilimwombea mzee yule dua ndefu. Tangu hapo binti akawa anajifunza kila jioni. Siku ya vita vyangu ndiyo ilikuwa siku ya majaribio: mchana wabeba mifuko wangecheza, na watakaofaulu wangechukuliwa kuwa walimu wa wanaoanza.

Lakini amri ilikuwa imetoka langoni. Fimbo ya mchezaji mmoja ilipotea, na kila mbeba mifuko akaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Mlinzi mkuu akatangaza kwamba hakuna mbeba mifuko atakayepita na fimbo isiyopigwa chapa ya herufi za jina lake. Mjukuu wangu aliniambia hayo jioni huku akiosha vyombo. Akasema si neno, ataacha tu, huenda mwakani watajaribu tena. Aliyasema kwa sauti nyepesi, ila sahani aliyokuwa akiiosha ilikwisha takata zamani, naye bado anaisugua. Moyoni nikaapa.

Sasa mjue kwamba mikono hii imetia alama sufuria za mtaa mzima. Kwenye shughuli, vyombo vinapochanganyika, vya wenzangu hupotea na vyangu hurudi nyumbani, kwa maana huvidona chini kwa msumari, nukta kwa nukta, mpaka herufi zikatokea. Aliyezishinda sufuria atatishwa na kifimbo? Nikaitwaa fimbo ya kwanza, nikaushika msumari, nikauinua mchi wa kinu kama rungu la wahenga, nikashuka nao. Ti, ti, ti. Chuma hakikuchubuka. Msumari ulipinda, ukatazama pembeni kama mtu anayeona aibu kwa niaba yangu.

Shujaa mwingine angerudi kulala. Mimi nikakumbuka kwamba chuma hulainika kwa moto. Nikawasha jiko la mkaa, nikakilaza kichwa cha fimbo juu yake, nikasimama mkono kiunoni kama jemadari anayetazama mji wa adui ukiungua. Hakuna aliyepata kuniambia kwamba kichwa cha fimbo ya gofu kimeshikiliwa na gundi. Kilichomoka taratibu, kikaangukia majivuni, nami nikabaki na mpini mkononi, jemadari aliyemkata kichwa askari wake mwenyewe.

Harufu ikamwamsha mjukuu wangu. Akasimama mlangoni, akautazama mpini, akalitazama jiko.

“Bibi,” akasema, “unaipika?”

Nikasimama wima kadiri magoti yalivyoniruhusu. “Mjukuu wangu,” nikahutubu, “nenda kazini kwako kwa amani. Kabla majaribio hayajaanza nitakuwa langoni, na kila fimbo yako itakuwa na jina.”

“Na hiyo isiyo na kichwa?”

“Itakuwa na kichwa kwanza. Halafu jina.”

Angeweza kunigombeza, haki alikuwa nayo. Badala yake alizima jiko nisije nikajiunguza, akanivisha mfuko wa fimbo begani, na chini ya mkanda akaweka kitambaa usinichubue. Akaenda zake, akageuka mara moja kunitazama.

Jua lilipochomoza, jeshi la mtu mmoja likaondoka, mfuko mgongoni, kikapu mkononi. Fimbo ziligongana mgongoni kwangu kwa kishindo cha silaha, na mbwa wakanipisha. Kinyozi akatoka kibandani kwake, wembe mkononi, akaniuliza naelekea vita gani. Nikamwambia vya chuma. Akamwacha mteja na nusu ya ndevu, akanibebea mfuko mpaka kona, na mteja yule hakunung'unika. Wote wawili naomba wakumbukwe na vizazi.

Nilikuwa nakwenda kwa fundi wa funguo, ambaye pia hupiga herufi kwenye pete, kufuli na vikombe vya mashindano. Nilimkuta ameketi, mikono kaificha kwapani. Nikamtolea hotuba yangu yote, tangu sahani mpaka jiko, naye akaisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo watu siku hizi hawanifanyii. Kisha akautoa mkono mmoja, akauweka mezani. Ulitetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

“Mama, zana ninazo,” akasema. “Mkono ndio sina. Nikipiga siku hizi herufi inatoka na kivuli chake. Wateja wameshajua, hawaji tena. Hata wa kunisalimia tu wamepungua.”

Nikamtazama. Nikaona kwamba mkono ule anauficha hata asipokuwepo mtu.

“Mkono ninao mimi,” nikamjibu. “Jicho ndilo sina. Tukiunganisha tutapata fundi mmoja mzima.”

Akacheka, akanipa kiti chake, yeye akakalia ndoo. Kwanza tukamhudumia majeruhi: akaisafisha ile fimbo, akaipaka gundi inayokauka upesi, akarudisha kichwa, akaibana isitikisike. Ndipo akafungua kisanduku cha mihuri midogo ya chuma, kila mmoja na herufi yake. Aliushika muhuri kwa koleo, viwiko akavikandamiza mezani, na mtetemo ukapungua, ukabaki kama wa mtu aliyeguswa na baridi. Akanipa nyundo.

“Pigo moja tu,” akasema. “La pili linaharibu la kwanza. Na mama, fungua macho.”

Kwa maana nilikuwa nimeyafumba. Enyi mashujaa wa kale mliovunja ngome, hakuna hata mmoja wenu aliyepiga nyundo karibu na vidole vya mtu mwema. Nikapiga. Tulipoondoa muhuri, herufi ilikuwa imekaa ndani ya chuma, nzima, haina kivuli. Fundi akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kutazamwa.

Basi tukaendelea, yeye analenga, mimi napiga, fimbo kwa fimbo, mpaka ikabaki ile fupi ya kusukumia mpira shimoni. Hapo ushindi ukanipanda kichwani. Nikapiga kwa mbwembwe, na herufi ikatoka imelala upande kama mtu anayerudi kutoka harusini. Machozi yakanilengalenga. Fundi akaipitishia kidole gumba.

“Hii ndiyo hawezi kuiiba mtu,” akasema. “Nyingine kama hii haipo duniani.”

Nikamshukuru, nikakusanya majeshi na kikapu changu, nikaondoka mbio zangu, ambazo kwa wengine ni mwendo wa kawaida. Langoni mlinzi mkuu akazitoa fimbo moja moja, akazikagua zote. Akafika kwenye ile fupi, akasita.

“Hii kapiga nani?”

“Mimi.”

Akanitazama miwani, akanitazama magoti. “Inaonekana,” akasema, akafungua lango. Kisha akaniletea kiti chake mwenyewe nikae kivulini, kwa hiyo nimemsamehe amri yake.

Mjukuu wangu akaja anakimbia. Akazipapasa herufi zake, akaniegemeza paji la uso begani kidogo, akaenda kucheza. Nilitazama kutoka kwenye uzio na sikuelewa chochote, isipokuwa jambo moja: ile fimbo niliyoipika ilipigwa kwa nguvu zote, mpira ukaruka mbali, na kichwa hakikuufuata. Waandishi wa historia na waache vita vyao vingine, waandike hilo. Jua lilipopungua wakasoma majina ya waliochukuliwa, na la kwake lilikuwemo.

Njiani nikarudi nimemshika mkono, nikiwa mrefu kuliko nilivyoondoka, mpaka nilipoingiza mkono kikapuni nikagusa nyundo ya watu. Nikamtanguliza binti nyumbani, nikapita kwa fundi, nimejaa aibu. Alikuwa anafunga kibanda. Nikampa habari za ushindi, naye akataka nirudie pale kichwa kilipobaki mahali pake. Kisha nikamnyooshea nyundo na kumwomba radhi.

“Niliiona ikiingia kikapuni,” akasema. “Nikanyamaza. Kaa nayo leo, mama. Uilete kesho. Na kesho ukiisahau tena kikapuni, mimi sitasema kitu.”