Kisima cha Futi Arobaini

Jumamosi, 14 Agosti 1999
Itangazwe rasmi, Katangi nzima isikie: kamba ya kisima chetu imekatika. Ndoo imezama bila hotuba. Munyiva, mke wangu, ameunga nyingine huku akishika bega, lile linalomuuma tangu mwaka jana kwa kuvuta. Hakulalamika. Heri angelalamika.

Jirani yangu Erastus alikuwa anapita na punda wake, wanauzia watu maji ya mfereji. Akauliza kama ndoo imefika Mombasa ama bado iko Voi. Nikamjibu kisima changu ni futi arobaini tu. Ni sitini. Lakini mbele ya Erastus, nani atasema sitini?

Jumanne, 17 Agosti
Machakos mjini. Fundi Titus wa jua kali anaunda pampu za mkono mwenyewe, kwa mabomba ya plastiki na vyuma chakavu, bei ya watu kama sisi. Mpini mwepesi! Bega litapona. Munyiva ameuza mbuzi aliyepewa na mama yake, tuinunue.

Titus akauliza urefu wa kisima. Na nani yuko nyuma yangu, ameleta gurudumu la mkokoteni lichomelewe? Erastus! Nikasema arobaini, kwa sauti. Nitarekebisha akiondoka.

Akaondoka. Nikasahau.

Ijumaa, 20 Agosti
Titus amekuja kufunga pampu. Akataka kwanza kupima kwa jiwe. Nikanuna. Nikamuuliza kama mtu anaweza kukosa kujua shimo lake mwenyewe. Akafunga, akaenda zake.

Nikapampu. Hewa. Nikapampu tena. Inacheua kama ng'ombe aliyeshiba, na haijanywa kitu.

Na kesho akina mama wa mwethya, kikundi cha Munyiva, wanakuja kuiimbia! Kamba yenyewe ameshampa mwenyekiti wao, Kanini, kwa furaha. Eti hataihitaji tena maishani.

Lakini kichwa changu si cha kubebea kofia tu. Nimejaza bomba kwa juu, pomoni. Maji nimenunua kwa Erastus. Nimemwambia ni ya kuogesha mbwa.

Jumamosi, 21 Agosti
Nyimbo. Vigelegele. Kanini ameomba mpaka kivuli kikahama. Munyiva akashika mpini. Maji! Karibu mtungi mzima! Kisha pampu ikapiga chafya, ikanyamaza. Nikatangaza kwamba ni mgeni, imeona haya.

Kanini akaonja. Akapiga kelele: tamu! Kisima chetu ni cha chumvi tangu kichimbwe. Sasa eti pampu inaondoa chumvi majini. Wanjugu wa dukani akaapa ataagiza yake. Nikainama kidogo, kama mtu aliyezoea sifa.

Erastus naye akaonja. Akayazungusha mdomoni, taratibu. Akaniuliza mbwa anaendeleaje.

Sina mbwa. Anajua sina mbwa.

Munyiva alikuwa anacheka na wenzake. Akanitazama, akaacha kucheka. Hilo ndilo linaloniuma, si Erastus.

Jumatatu, 23 Agosti
Hapa hasomi mtu, basi niseme ukweli. Pampu ni nzima. Titus hana kosa. Bomba linaning'inia juu ya maji kwa sababu niliona haya kutaja futi za shimo langu. Mbuzi ameenda, bega limebaki. Nimemwambia Munyiva yote. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, Baba Kavata, si ungesema?

Nimeapa kusema.

Mchana Titus amepita na pikapu akielekea Ekalakala, ana haraka, injini inanguruma. Akapiga kelele dirishani: ataniongezea bomba akirudi, nimwambie tu kisima ni futi ngapi, ukweli safari hii. Munyiva akanitazama. Mbele ya wageni hanikosoi kamwe. Nikafungua mdomo.

Erastus, naye anapita njiani, akasimamisha punda. Hata punda akainua masikio.

Nikasema hamsini.

Munyiva amekwenda kwa Kanini kuomba kamba yake.