Ombi la Kunyoosha Paa la Gari la Baba

Pico Rivera, California
Tarehe 9 Machi 2014

Kwa Kaka Refugio Zaldívar,

YAH: KULIREKEBISHA GARI LA MAREHEMU BABA LIFANANE NA KIGARI CHANGU

Salaam sana, na heshima yako kama mkubwa wangu naitanguliza. Huku kwangu ni wazima wote, isipokuwa mimi. Nakuandikia ingawa kati ya nyumba zetu kuna mitaa minne tu, kwa sababu kwenye simu ukinisikia unacheka, na karatasi haikatiki katikati ya sentensi.

Jambo lenyewe unalijua. Kwa miaka mitatu nimeunda mfano wa Mercury ya Baba, mdogo mara ishirini na tano kuliko gari lenyewe, kila inchi ya kwake ikawa milimita moja ya kwangu. Nimekata paa kwa msumeno mwembamba kama wembe, nikalishusha ili gari lionekane fupi, kama yeye alivyolishusha la kwake, nikaziba maungio, nikapiga msasa mpaka ncha za vidole vyangu zikawa laini. Jumamosi iliyopita nikakipeleka kigari hicho kwenye maonyesho ya ukumbi wa parokia, nawe kwa hisani yako ukaja na gari lenyewe ili waamuzi walinganishe. Nikashindwa. Wa kwanza akawa Bi Hortencia, daktari wa meno mstaafu, na kigari chake cha kuuzia aiskrimu.

Ushindi si hoja. Hoja ni Bwana Baldemar Quiroz, mwamuzi, aliyepima gari, akapima kigari, kisha akatangaza mbele ya kadamnasi: "Kigari kiko sawa, gari ndilo limepinda! Upande wa kulia uko juu kwa inchi nzima. Huyu mzee alikata paa akiwa na jicho moja au chupa mbili?" Watu wakaangua kicheko, wengine wakiwa bado na tamale mdomoni. Kisha akanipunguzia alama, eti nimenyoosha kilichopinda.

Kaka, Baba alishusha mapaa ya nusu ya magari ya mtaa ule, na hakuna hata moja lililopinda. Leo jina lake limekuwa mzaha kwa ajili ya gari lake mwenyewe. Iliniuma, na mpaka ninapoandika inaniuma.

Nimelitafakari suala hili kwa utulivu. Vitu viwili vinavyopaswa kufanana visipofanana, kimoja kimekosea. Changu kimechukua miaka mitatu chini ya kioo cha kukuzia. La Baba lilichukua miezi mitatu uani, kwa mtungi wa gesi wa kuazima. Kwa hiyo naomba yafuatayo yatekelezwe:

1. Paa. Likatwe upya upande wa kulia na kushushwa inchi moja. Fundi nimeshampata, anasema ni kazi ya siku nne, na vioo navyo vitapunguzwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini chuma hakina ubichi wala ukavu. Kinakunjika siku yoyote ukiwa na moto.

2. Kitasa. Baba aling'oa vitasa vyote, akaziba matundu kwa risasi iliyoyeyushwa, milango ikawa inafunguka kwa kitufe kilichofichwa chini. Wewe mlango wa kulia umeupachika kitasa cha kabati la jikoni. Nilipouliza, Shemeji Eulalia alinijibu, "Shemeji, siku utakayobeba mifuko minne ya sokoni huku unapapasa tumbo la gari kutafuta kitufe, ndiyo uje tuongee." Namheshimu sana shemeji. Kitasa kitoke.

3. Rangi. Kigari changu ni cha zambarau iliyokolea, rangi ile ile ya Baba, tabaka kumi na moja za kupuliza. Gari lako limepauka kwa jua. Lipakwe upya. Ningelilalamikia jua lenyewe, lakini sijui barua niipeleke kwa nani.

4. Uzito wako. Najua gari la namna hii linatakiwa lilale chini kwa nyuma, na ndiyo raha yake. Lakini ukiketi wewe linalalia ubavu wa kushoto. Springi zangu nimezisokota kwa waya wa gitaa na zimekaa sawasawa. Nakuomba kwa upendo upunguze ratili arobaini kabla ya Pasaka. Jumapili nakuona unavyomaliza bakuli la supu ya menudo, ukalipangusa kwa mkate, kisha unalisogeza lijazwe tena huku unatazama pembeni kana kwamba bakuli ni la mtu mwingine. Sisemi uache. Nasema liwe moja.

5. Mlimau. Kigari nimekiwekea kibao cha kusimamia chenye uzio, geti na mlimau, kama pale kwako. Kwa bahati mbaya nimeupanda mlimau kushoto kwa geti, na gundi imekauka. Wako uko kulia. Naamini bado mchanga na utastahimili kuhamishwa.

6. Hati. Utie saini karatasi niliyoiambatisha, inayotamka kwamba kigari changu ndicho gari halisi la Baba, na hilo lako ni nakala yake, iliyokuzwa mara ishirini na tano bila uangalifu. Maonyesho yajayo nitaleta changu, nawe utaleta lako, na Bwana Quiroz atalipima lako dhidi ya changu. Likizidi popote, alama zipungue kwako.

Utasema nimerukwa na akili. Ulishasema, "Leobardo, una miaka hamsini na mmoja, wenzio wanalea wajukuu, wewe unalea gundi." Sawa. Lakini sitaki mtu mwingine asimame mbele ya kazi ya Baba aulize habari za chupa. Maiti haishiki futi ikajibu. Kama hamna wa kumsemea, basi kazi yake inyooke, ijisemee.

Nisalimie Shemeji Eulalia na mikono yake yenye mifuko, binti yako Nélida, wajukuu wote, jirani yako Don Abundio ambaye alicheka kidogo kuliko wengine, na mbwa.

Ni mimi mdogo wako, mtiifu katika yote yasiyohusu kitasa,

Leobardo Zaldívar

Tanbihi: Nilitaka kukuwekea picha ya kigari kama ushahidi, nikaona kitapendeza zaidi kikiwa na watu. Nikamfinyanga Baba kwenye usukani na Mama pembeni yake, kwa kufuata ile picha ya ubatizo wangu ambamo Mama kaketi garini, nywele zimepandishwa juu kama mkate wa sikukuu, zimepuliziwa dawa mpaka upepo unaziogopa. Nikarudishia bodi juu yao. Haikukaa. Kushoto ilikaa, kulia iligoma, ikabaki imeegemea nywele za Mama. Nikachukua kisu ili nizipunguze. Nilishindwa, Kaka. Nilitoa machozi kama mtoto, mezani pangu, saa nne asubuhi. Nikapima pengo badala yake. Milimita moja, yaani inchi moja ya Baba.

Usiguse paa. Fundi akija, mfukuze. Karatasi ya saini ichane, na mlimau ukae ulipo. Bwana Quiroz nitamwandikia mwenyewe, na barua hiyo hataimaliza kwa kikao kimoja. Kilichopotoka ni changu, nami nitakikata upya. Kitasa bado kitoke. Na kama miaka yote hii ulijua ukanyamaza, hilo nalo lina barua yake.

Jumapili nakuja kupima vizuri upande wa Mama. Nitakuja na futi tu.