Bila Kuhesabu Bibi

Corliss Vaughn hakuwa hata amevua kofia alipojua kwamba Mungu amemkumbuka. Mgahawa wa Wilma Hruska pale Antler Draw, Nebraska, ulikuwa umejaa wafugaji, na wafugaji hao walikuwa wakigombana. Hawakugombania siasa wala mipaka ya malisho. Waligombania gia.

“Chache zinatosha!” alifoka Wilma, birika la kahawa mkononi. “Dizeli nguvu yake iko chini kabisa. Gia ya kwanza ndiyo inayong'oa mzigo. Zilizobaki ni za kwendea kanisani.”

“Wilma, acha ubishi wa jikoni,” alijibu Orval Stuckey, mzee mnene mwenye ng'ombe wengi kuliko wote mle ndani. “Ukiwa na gia kumi, hatua zinakuwa fupi fupi. Injini inabaki palepale penye nguvu, haihemi wala haipigi kelele. Umefunga trela lako nyuma, unapanda mlima, hata kikombe cha kahawa hakitikisiki.”

“Kikombe chenyewe ni changu. Kirudishe.”

Watu wakacheka. Corliss akajiweka kwenye kaunta taratibu, moyo ukimdunda kwa furaha. Aliamini kwamba mtu anayebishania namba ameshafungua pochi tayari, anangoja tu kutajiwa namba kubwa zaidi.

Ni haki msomaji aambiwe ukweli wa bwana huyu mapema, maana yeye mwenyewe hatausema. Corliss alikuwa mtu wa Florida, ambako ukitaka kupanda mlima unapanda daraja. Maisha yake yote hakuwahi kuvuta kitu kizito kuliko sanduku la nguo. Kazi yake ilikuwa kuwauzia watu upepo: maji ya baraka ya rejeta, sumaku za kupunguza ulaji wa mafuta, na sasa kijisanduku cheusi alichokiita Ngazi. Ndani mlikuwa na betri, taa ya kijani, kioo kidogo cha kuonyesha namba, na vikombe viwili vya maharage makavu, kwa sababu wanaume huamini kitu chenye uzito.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho ambacho hakikuwa uongo, nacho ni pikapu yake nyeupe ya dizeli, otomatiki ya gia kumi, yenye matairi mawili mawili nyuma. Aliiita Darlene. Alilala humo, alinyolea ndevu kwenye kioo chake, na siku za upweke aliisimulia habari zake. Wake wawili walimwacha kwa nyakati tofauti kwa sababu moja, kwamba hakuwahi kuwatazama wao anavyoitazama ile gari. Corliss angeweza kupoteza jina, pesa na meno, akaendelea kupiga soga. Bila Darlene angekuwa tu mtu wa makamo amesimama kando ya barabara na kofia nzuri.

“Samahanini mabwana,” alisema kwa sauti ya mchungaji kwenye msiba. “Sipendi kuingilia. Ila inaniuma kusikia watu wazima wanagombania gia kumi, wakati pale nje nimeegesha gari yenye kumi na tatu.”

Kijiko kikaanguka mahali fulani.

“Kumi na tatu?” Orval aligeuka na kiti chake kizima.

“Viwandani wanazifunga tatu, mzee wangu. Zimo humo humo ndani, zimelala. Hawataki zitumike, kwa sababu ukizitumia gari haichakai, na isipochakaa utarudi kununua nyingine lini?” Akaweka Ngazi juu ya kaunta, ikatua kwa kishindo cha heshima. “Hii inaziamsha.”

Orval akakinyanyua kile kijisanduku, akakipima mkononi. “Kizito,” alisema.

“Akili ni nzito, mzee.”

Wafugaji wakakisogelea, macho yamewatoka. Wakaulizana nani atapata cha kwanza, na kama mwenye gari mbili atapunguziwa. Corliss alimeza mate. Alikuwa ameshaanza kuona kichwani mwake bahari ya joto, na Darlene ameegeshwa chini ya mnazi.

“Ngoja kwanza,” alisema Wilma. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye mikono ya kufungua chupa bila kifungulio. “Mimi gari yangu ni kuukuu, lakini tukienda kazini sitaachwa na hiki kidude.”

Corliss alimtazama kwa huruma halisi. Kupitia dirishani aliiona ile kuukuu: dizeli ya zamani iliyopauka, mlango mmoja wa rangi nyingine, uliong'olewa kwenye gari iliyokufa.

“Hiyo yako ina gia ngapi, mama?”

“Nne,” Wilma alijibu. “Bila kuhesabu bibi.”

Pale kwenye kona, karibu na jiko, alikuwa amekaa bibi kizee wa miaka tisini na ushee akifuma soksi. Ni Albina, mama mkwe wa Wilma. Corliss akamwinamia kwa adabu, akacheka kicheko chake cha dhahabu.

“Sasa bibi nimhesabu wa nini? Bibi aje tu, namkaribisha!”

Ghafla kila mtu mgahawani akawa na shughuli na kikombe chake. Orval alianza kukohoa mpaka akapigwa mgongoni.

“Kwa hiyo bibi ruksa?” Wilma aliuliza polepole. “Usije ukalalamika baadaye.”

“Ruksa kabisa! Hata ungekuwa na mabibi wawili.”

“Haya. Kazi ni ile yetu ya kawaida. Kila mtu na trela lake la nyasi kavu. Tunapanda hadi malisho ya juu, tunalisha ng'ombe, kila mtu peke yake. Wa kwanza kumaliza ndiye mshindi.”

“Akishinda mgeni,” alidakia Orval, “kila mwenye ng'ombe humu ananunua Ngazi mbili. Mimi nachukua kumi.”

“Na nikishinda mimi,” Wilma alisema, “hiyo nyeupe inabaki hapa.”

Corliss akageukia dirisha. Kumweka Darlene rehani? Akaitazama tena ile kuukuu yenye mlango wa marehemu, gia nne na bibi kizee, akaona aibu kwa kuogopa. Akaunyoosha mkono. Wilma akaushika mbele ya mgahawa mzima, na katika sehemu zile mkono ulioshikwa mbele ya watu umeshaamua kesi. Lakini katika yale maneno yote Corliss alisikia “tunapanda” tu. “Tunalisha” lilimpita.

Asubuhi iliyofuata, mbingu safi na theluji nyembamba ardhini, magari mawili yalisimama chini ya mlima, kila moja na trela lililojaa marobota. Corliss, mtu wa kujua kuvutia macho, alimpandisha bibi Albina mwenyewe kwenye ile kuukuu, akamfunika magoti kwa koti lake.

“Usiogope, bibi. Tutakungojea juu.”

“Wewe kijana mzuri,” alisema bibi. “Masikini.”

Mfugaji mmoja akapunga kofia; Orval na wengine walishatangulia kungoja juu. Tuseme kweli: Darlene alipanda kwa madaha. Gia zilipokezana kimya kimya, hatua fupi fupi kama alivyohubiri Orval, injini haikuinua hata sauti. Kwenye dashibodi Ngazi ilionyesha kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, na Corliss, ingawa maharage aliyaweka kwa mkono wake, alijikuta anaamini. Kwenye kioo ile kuukuu ilikuwa doa linalotoa moshi mweusi, likinguruma huko chini. Alifika juu akiimba, Wilma akiwa hajafika hata nusu.

Malisho ya juu yalikuwa tambarare, na ng'ombe walikuwa wanangoja. Ndipo Corliss alipokumbuka kwamba trela limejaa.

“Namwaga wapi?” alimpigia kelele Orval, aliyekuwa ameketi juu ya geti.

“Humwagi, bwana! Ukimwaga lundo moja, wakubwa watawafukuza wadogo. Unakata kamba, unatandaza mstari mrefu kutoka hapa hadi kule kwenye miti. Gari inatembea, wewe uko nyuma unatupa.”

“Sasa nani anaendesha?”

“Ulikubali kila mtu peke yake,” Orval alimkumbusha kwa upole mkubwa.

Corliss alisogeza gari kidogo, akasimama, akashuka, akapanda trela, akatupa robota moja, akashuka, akarudi kwenye usukani. Alipofanya hivyo mara ya tatu viatu vyake vya ngozi ya mamba vilikuwa vimejaa maji. Akaona afanye ujanja, aache gari itembee yenyewe. Alifungua mlango tu, Darlene akapiga kengele, akajikaba mwenyewe na kusimama. Gari ya kisasa ina adabu zake, haitembei na mlango wazi. Alibembeleza, alitukana, akaufunga mkanda kitini bila mtu. Kengele ikalia vilevile.

Basi akatoka dirishani.

Alitanguliza kichwa, kofia ikaanguka, suruali ikanasa kwenye kitasa na kubaki na kipande chake. Lakini alitoka! Na Darlene, mlango umefungwa na mkanda umefungwa, aliondoka zake. Hakukimbia, ila mwendo wake wa taratibu ulikuwa mkali kuliko mwendo wa Corliss kwenye theluji. Akaanza kumfukuza. Alishika ubavu wa trela, akaponyoka, akabingirika, akasimama, akafukuza tena.

“Darlene! Darlene, mpenzi, nisubiri!”

Wafugaji waliokuwa getini walikuwa wanalia machozi. Mmoja aliketi chini kabisa.

Hapo ndipo Wilma alipofika. Hakuwa na haraka. Alikanyaga klachi, akauvuta mkono wa gia pembeni kabisa na kuurudisha nyuma, mahali ambapo barabarani haugusi hata siku moja. Injini ikashusha pumzi. Ile kuukuu ikaanza kutambaa peke yake, polepole kiasi kwamba kobe angepata muda wa kusalimia. Wilma akafungua mlango, akashuka, akapanda kwenye trela akiwa na kisu chake, akaanza kutupa nyasi kushoto na kulia huku akipiga mluzi. Ndani ya gari bibi Albina alikuwa ameshaweka soksi pembeni, kidole kimoja kwenye usukani, akiinyoosha gari ilipotaka kwenda kombo.

Corliss, akihema, alisimama katikati ya malisho. “Hiyo gia gani?” aliuliza.

“Ya bibi!” walimjibu wote getini kwa pamoja.

“Ndivyo tunavyoiita,” Orval alifafanua akijifuta macho. “Ile ya chini kabisa, ya kulishia ng'ombe. Huwezi kwenda nayo popote, kwa hiyo hatuihesabu. Wewe si uliiruhusu mwenyewe? Tena ukasema hata ziwe mbili.”

Corliss hakungoja mengine. Darlene alikuwa amesimama, ameegemea uzio kwa pua. Aliingia kwa dirisha lilelile, akairudisha nyuma, akageuza kuelekea getini na kukanyaga mafuta. Atakimbia! Mkono ulioshikwa mbele ya watu ni shauri lao, si lake. Lakini nyuma yake lilikuwa bado trela limejaa nyasi, na ng'ombe waliokuwa hawajala walikuwa na maoni juu ya safari hiyo. Wakamzunguka mbele, nyuma na pembeni. Mmoja aliweka kidevu kwenye boneti. Mwingine aliingiza kichwa dirishani, akailamba Ngazi hadi ikaanguka na kupasuka, maharage yakamwagika sakafuni. Gari ilikuwa na gia kumi, na ng'ombe hawakumruhusu aifikie hata ya pili.

Wilma alipomaliza mstari wake alikuja akiwasukuma ng'ombe kwa nyonga, akanyoosha mkono dirishani. Corliss aliushika usukani kwa mikono yote miwili. Macho yakamjaa machozi.

“Naomba msinichukulie hii, mama,” alisema mwishowe, na lilikuwa neno la kweli. “Sina nyumba nyingine.”

Wilma akayatazama maharage yaliyomwagika sakafuni.

“Shemeji yake Orval kule wilaya ya pili alinunua kimoja wiki iliyopita,” alisema. “Alikifungua. Akatupigia simu kwamba unakuja huku.”

“Kwa hiyo ule ugomvi wa gia…”

“Tunagombana vizuri, eh? Orval anapenda ile ya kikombe kutikisika. Sasa nisikilize. Gari inakaa ghalani kwangu. Majani yakiota utaichukua, uende zako. Mpaka hapo, mimi mgongo unaniuma na trela linataka mtu wa kutupa nyasi.”

“Nani ataendesha?”

“Bibi.”

Angeweza kuondoka siku hiyohiyo kwa miguu, hakuna aliyemfunga. Lakini Darlene alikuwa ghalani, kwa hiyo Corliss alibaki. Alitupa nyasi huku bibi Albina akimpeleka mwendo wa kobe na kumkemea akitupa vibaya. Mikono ilimtoka malengelenge, kisha ikakomaa. Jioni alikwenda ghalani kumfuta Darlene vumbi na kumsimulia habari za ng'ombe, kwa kuwa sasa alikuwa nazo. Vile vijisanduku vilivyobaki Wilma alivifungua kimoja kimoja, akapika supu ya maharage yenye nyama ya nguruwe, akawalisha mgahawa mzima.

Majani yalikuwa yanakaribia kuota siku ile mlango ulipofunguka, akaingia bwana mmoja aliyenukia marashi, mkononi amebeba chupa ndogo ya dawa ya kuipa dizeli nguvu maradufu. Orval alimtupia jicho mara moja tu, akapiga meza.

“Nakwambia gia kumi, Wilma!”

“Na mimi nakwambia chache zinatosha!”

Yule bwana akatabasamu kama mtu aliyekumbukwa na Mungu. Akajisogeza kwenye kaunta, akamwinamia mtu wa karibu, mmoja mwenye kofia nzuri na mikono iliyokomaa, aliyekuwa anakula supu yake kwa utulivu.

“Eti rafiki yangu, ile gari ya mama ina gia ngapi?”

Corliss hakuinua uso kutoka kwenye maharage.

“Nne,” alisema. “Bila kuhesabu bibi.”