Stika Nyekundu za Mkurugenzi Anzai

Wezi wengine huvunja milango. Nezu Rokuro aliona kuvunja milango ni kazi ya watu wasiojua kuongea. Yeye, kwa miaka thelathini na tano, alifunguliwa milango na wenye nyumba wenyewe, akakaribishwa chai, na mara mbili akasindikizwa hadi stesheni kwa mwavuli wa kuazima, ambao hakuurudisha.

Asubuhi moja ya Agosti alikuwa amesimama kwenye kibanda cha tambi ndani ya stesheni ya Kanazawa, akisoma gazeti lililosahauliwa na abiria. Ukurasa wa tano ulikuwa na habari mbili. Ya juu ilikuwa na picha: Profesa Togashi, mtaalamu wa vyombo vya kale, amekumbatia bakuli jeusi la chai lenye umri wa miaka mia nne, urithi wa babu yake. Analiweka ofisini kwake chuoni, ghorofa ya tatu, kwa sababu nyumbani kuna wajukuu. Ya chini ilikuwa fupi, ya kujazia nafasi: jengo hilo hilo halina mpango wa maana wa kuokoa watu moto ukizuka, na kikosi cha zima moto kimewapa wenyewe hadi katikati ya Septemba kujirekebisha, la sivyo jengo lifungwe.

Nezu akaweka vijiti chini. Tambi zikapoa mbele yake, jambo ambalo halijapata kutokea.

Msimhukumu haraka. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, magoti yanalia akipanda ngazi, na uongo, kama kazi nyingine yoyote ya kusimama, huchosha miguu. Kule Toyama, mtaani alikozaliwa, bafu la umma la zamani lilikuwa linauzwa. Nezu alilitaka kuliko alivyowahi kutaka mke. Alijiona amekaa pale mlangoni na fulana yake, anagawa taulo, hamdanganyi mtu tena isipokuwa kuhusu joto la maji. Na kulikuwa na mzee mmoja Osaka, mnunuzi wa vitu vya kale asiyependa maswali, aliyekwisha kumwambia: niletee bakuli la aina hiyo, na bafu lako umelipata.

Siku mbili baadaye Bwana Anzai, Mkurugenzi wa Taasisi ya Kuokoka Salama, aliinama mlangoni pa ofisi ya jengo lile. Anzai ndiye Nezu, mmeshaelewa. Taasisi nzima ilikuwa ni boksi la kadi, kofia ngumu nyeupe, na kitambaa cha kufunga mkononi.

Aliyempokea ni karani mkuu, Bi Kakizaki, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye amewazika wakuu wa kitivo watatu na bado yupo. Akammiminia chai baridi ya shayiri.

“Umetusikia wapi, Mkurugenzi?”

“Gazetini, Mama. Nikajiambia, wasomi kama hawa waungue kwa kukosa mpango? Haiwezekani. Wala silipwi hata yeni moja. Nyumba yetu iliungua nikiwa mtoto.” Akatazama dirishani, akapepesa macho. (Nyumba yao ipo mpaka leo. Ina kinyozi chini.)

“Pole sana,” akasema Bi Kakizaki. “Twende nikuonyeshe jengo.”

Wakapanda kwa ngazi za dharura. Hizo ngazi, jamani, zilikuwa zimejaa. Televisheni za chogo zilizopangwa mpaka darini, mafriji yasiyo na milango, viyoyozi, mashine ya fotokopi yenye ukubwa wa ng'ombe, na kila kimoja kimegongwa kibati cha namba ya chuo. Nezu alibana tumbo, akapita ubavu ubavu huku mawazo yake yakiwa ghorofa ya tatu, kwenye bakuli.

“Ngazi nzuri hizi,” akasema. “Imara.”

Bi Kakizaki alivaa miwani, akamtazama. “Imara?”

“Imara kweli kweli. Hongereni.”

“Ahsante, Mkurugenzi,” akasema yule mama, akaivua miwani.

Juma lililofuata walimu wote walikusanywa ukumbini. Nezu akapanda jukwaani na kofia yake, na hapo ndipo ungemwona mtu wa kazi yake! Aliwaelezea moto kana kwamba ni shangazi yake mkorofi. Kisha akatoa bunda la stika nyekundu.

“Kila chumba stika moja. Bandika kwenye kitu ambacho, moto ukija, roho yako haikubali kukiacha ndani. Mkifunge wenyewe kwa kitambaa hiki cha rangi ya fedha, cheche na maji yasikiguse. Mimi sitauliza kuna nini ndani. Mtu na mali yake ni siri yake. Kengele ikilia, vijana wa klabu ya judo ya chuo watavibeba hadi kwenye lori langu, mlango wa nyuma. Ninyi mtatoka mlango wa mbele, mpange mstari, mhesabiwe.”

Mhadhiri mmoja kijana akanyoosha mkono. “Samahani, kwa nini lori liwe nyuma na sisi tuwe mbele?”

“Kwa sababu moto, kaka, hauna adabu ya kuchagua upande.”

Ukumbi mzima ukaandika maneno hayo.

Profesa Togashi akasimama, kichwa cheupe, sauti ya kutetemeka. “Nina bakuli...”

“Bakuli?” akasema Nezu, kama mtu asiyejua bakuli ni nini. “La supu?”

“La chai. La babu.”

“Bandika, Profesa. Babu ni babu.”

Bi Kakizaki aliyekuwa amekaa kimya pembeni akainua kalamu. “Jambo dogo tu. Kwa utaratibu wetu, chombo chenye namba ya chuo hakitoki getini bila karatasi. Utatupa hati ya kupokea, kwamba sasa kiko mikononi mwako na ni juu yako?”

“Mama, kila kifurushi na hati yake.”

“Yenye muhuri?”

“Muhuri mwekundu, mkavu, wa kusomeka.” Muhuri ule alichongesha Nagoya kwa kazi nyingine kabisa, na alikuwa tayari kuugonga hata kwenye paji la uso wake.

Kuanzia siku ile watu walianza kumfuata. Wa kwanza ni profesa wa kemia, alimvizia mlangoni pa choo.

“Mkurugenzi, stika moja hainitoshi. Nina vitu vitatu. Vya zamani sana. Nikivitazama roho inaniuma.”

“Vizito?”

“Kimoja ni cha kubebwa na watu wanne.”

Nezu akameza mate. Kitu cha zamani, cha watu wanne, kinachomuuma profesa roho! Ni nini hicho kama si sanamu ya shaba kutoka hekaluni? “Chukua stika tatu,” akanong'ona. “Usimwambie mtu.”

Profesa yule hakumwambia mtu, ila jengo zima. Wakaja wa fizikia, wakaja wa lugha, akaja mwalimu wa sheria akitaka tano na kumkumbusha kwamba yeye ni wa sheria. Nezu alirudi chumbani kwake akicheka peke yake. Ndiyo wasomi hawa! Mdomoni wanazungumzia elimu, kabatini wamejaza mali. Akafuta lori dogo alilokuwa ameagiza, akakodi kubwa kwa leseni yake halisi, kwa kuwa wenye malori hawachezi na leseni. Sharti lilikuwa moja: lirudi saa kumi na moja jioni, tupu na limefagiwa.

Tarehe mosi Septemba, siku ambayo nchi nzima hufanya mazoezi ya majanga, saa nne kamili asubuhi, kengele ikalia.

Watu wale wamefundishwa tangu chekechea: usisukume, usikimbie, usiongee, usirudi. Wakatoka mamia kwa mamia, kimya, leso puani, kama watoto wanaokwenda kulala. Nyuma, vijana wa judo walishusha mizigo ya rangi ya fedha kwa ngazi za dharura, wakihema. Nezu aligonga muhuri. Akagonga, akagonga, mpaka kifundo cha mkono kikafa ganzi. Hati thelathini na moja. Zote alizichukua Bi Kakizaki, akazipanga kwa namba, akampiga picha yeye na lori, “ya kumbukumbu”.

Mwisho kabisa akaja Profesa Togashi mwenyewe, amebeba boksi dogo la mbao lililofungwa kwa kitambaa cha zambarau. Mabega yalikuwa yanamtikisika na macho yamejaa machozi.

“Litunze,” akasema kwa shida, akageuka haraka.

Hata Nezu aliguswa kidogo. Akaliweka boksi kiti cha mbele, akalifunga mkanda, akawasha lori. Uwanja wa mbele walikuwa bado wanahesabiana.

Aliimba njia nzima ya pwani. Alipofika kwenye egesho tupu la ufukweni, mbali na macho ya watu, akasimama ahakikishe neema yake. Akapanda nyuma, akachagua mzigo wa watu wanne, akachana kitambaa.

Mashine ya fotokopi.

Akacheka kidogo. Maprofesa! Akachana wa pili: televisheni ya chogo. Wa tatu: televisheni ya chogo. Wa nne ulikuwa friji, na ndani ya friji mlikuwa na kitu ambacho zamani kilikuwa chakula cha mchana cha mtu. Watu wengine huuziwa mbuzi kwenye gunia. Huyu aligawa na magunia mwenyewe, bure. Akaruka chini, magoti yakalia, akakimbilia boksi la kiti cha mbele na kufungua fundo kwa meno.

Ndani mlikuwa na keki za maharage, zimepangwa vizuri, na barua kwa mwandiko wa kikarani.

“Mheshimiwa Mkurugenzi Anzai. Pole kwa jasho. Miaka kumi na moja tumeshindwa kuondoa vyombo vibovu ngazini, maana kila kimoja kinataka fomu, mihuri ya watu saba, na ada ya kukitupa ambayo hakuna idara inayokubali kuilipa. Hati zako zimetutosha. Zima moto wanakuja leo saa nane kukagua ngazi. Kama unajiuliza nilikujuaje: mtu wa moto yeyote angeziona ngazi zile angepiga kelele. Wewe ulibana tumbo ukazisifu. Tafadhali usivitupe porini. Kila kimoja kina namba ya chuo, na namba ya lori lako tunayo. Bakuli halijambo. Keki uzile kabla ya keshokutwa. Kitivo cha Muziki wanauliza utakuja lini, wana piano mbili.”

Nezu akakaa kwenye ngazi ya lori. Aliliona lile bafu la Toyama, mvuke wake, taulo zake, linamfungia mlango. Iliuma, jamani, iliuma kweli. Alitamani kulia, na aliposhindwa akala keki moja. Ilikuwa tamu, jambo lililomuudhi zaidi.

Saa ilikuwa inakwenda kuwa saba. Akatoa simu, akapiga kampuni yenye leseni ya kuchukua mitambo chakavu. Akapokea dada mwenye sauti changamfu.

“Tunakuja leo leo, mzee, wala usijali. Unalipa papo hapo. Vipande vingapi?”

“Thelathini na kimoja.”

“Mh! Unafunga duka? Haya, sheria inataka jina la mwenye mali, lile lililoandikwa kwenye leseni. Dereva wetu atalikagua.”

Nezu akafungua mdomo. Anzai alikuwa tayari ulimini, na nyuma ya Anzai walipanga foleni wengine tisa au kumi, wote mabwana waungwana. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na leseni.

“Mzee? Upo?”

“Nezu,” akasema, kwa sauti ndogo. Wenye lori walilisoma tu kwenye leseni; kwa mdomo wake hajawahi kumtajia mtu asiyemjua jina hilo tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. “Nezu Rokuro.”

“Jina zuri,” akasema yule dada. “Litamke tena, taratibu, niandike.”