Dakika Nne za Tumbo la Mwezi

Wengi hukutana na bahati yao wakiwa wamesimama. Asali alikutana na yake akiwa amelala chali kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, pamba shavuni. Ndiyo mara pekee mji ule ulipata kumwona amenyamaza.

Daktari naye alikuwa na tabia yake. Hadithi zake aliwasimulia wagonjwa tu, maana hawawezi kubisha.

"Tumbo la Mwezi huwajui wewe," alisema huku akichokonoa. "Vijana watano, nywele hadi mabegani. Walipiga roki, lakini si ya kurukaruka. Wimbo mmoja nusu saa! Unaanza kama msiba, unageuka vita, unadhani umeisha, kumbe ndiyo kwanza unavaa viatu. Onyesho lao la mwisho, pale ukumbi wa sinema, nilikuwepo. Nasikia fundi mitambo aliwarekodi. Miaka thelathini nautafuta utepe huo. Atakayeniletea nampa gari langu lile la njano hapo nje."

"Ghaa," alisema Asali.

"Tema," alisema daktari.

Asali akatema, na akili ikawaka. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mkewe arudi kwao, na mama mkwe alishatoa hukumu mlangoni: "Ukija tena kumfuata mwanangu, uje na gari. Maneno yako tumeyala mwaka mzima, hayashibishi." Sasa gari lilikuwa nje pale, linameta juani kama embe bivu, na linangoja maneno tu.

Fundi mitambo alikuwa ameshafariki. Asali akavaa tai, akabisha hodi kwa mjane wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi, mama. Natafuta utepe wa zamani, ule mkubwa wa kuzungusha kwenye magurudumu mawili. Tuna watoto wa kwaya."

"Kwaya ya wapi?"

"Ya kule juu."

"Mbinguni?" Mjane akamtazama ile tai, kisha akainama. "Haya, umebaki mmoja. Nauegemezea mlango usijifunge. Chukua, ila uniletee jiwe."

Asali akamletea jiwe. Tapeli naye ana heshima yake.

Jioni hiyo hiyo alikuwa kwenye stoo ya ndoo za plastiki pamoja na rafiki yake Vidole, mpiga kinanda wa harusini, na mashine waliyoazima kwa fundi redio, wapate kughushi onyesho.

"Tusikilize kwanza, pengine kuna kitu humo," alisema Vidole.

"Ukinunua bakuli kuukuu unaonja supu ya jana? Rekodi juu yake! Mashine inafuta yenyewe."

Vidole akapiga. Kila alipoanza, mikono yake ilimrudisha kwa bibi harusi.

"Si hivyo, ndugu yangu! Piga kama mtu anayeshuka ngazi iliyopungukiwa kidato kimoja."

"Nitaanguka."

"Ndiyo muziki wenyewe huo!"

Alianguka kwa dakika ishirini na nane. Makofi waliyachukua kwenye rekodi ya mechi ya mpira, wakayakata kabla mashabiki hawajaanza kumtukana refa.

Kesho yake, baada ya mgonjwa wa mwisho, daktari alifunga mapazia, akafuta mikono, akaweka utepe kwenye mashine yake kama anayelaza mtoto. Alisikiliza amefumba macho.

"Kinanda kimelewa?" aliuliza mara moja.

"Kimechoka, daktari. Si lilikuwa onyesho la mwisho?"

"Kweli. Kweli kabisa." Chozi likamtoka. Mwenye hamu hadai risiti. Akachomoa ufunguo mfukoni, akauweka kiganjani mwa Asali. Asali akainuka.

"Kaa. Mtu haondoki wimbo haujaisha."

Mwenye akili angeondoka. Asali alikaa, maana mtu aliyeshika ufunguo wa gari huwa mpole sana. Kinanda kikazima, makofi ya mpira yakakatika. Kimya kidogo.

Halafu gitaa likaingia.

Halikushuka ngazi lile. Lilipanda, na ngoma nyuma yake, na ukumbi mzima ukalia, na juu ya kelele zote kijana mmoja akapaza sauti: "Msiondoke! Mkiondoka nalala hapa hapa!"

Daktari akasimama. "Huyo ni mimi."

Asali akaupima mlango kwa macho.

"Huyo ni mimi, nina miaka ishirini! Wewe, kile cha mwanzo ni nini?"

"Ni... sehemu ya kwanza, daktari."

"Sehemu ya kwanza ilikuwepo. Umeifuta." Daktari aliongea polepole, kama mtu anayehesabu meno yasiyookoleka. "Ulikuwa na onyesho zima mkononi. Ungeniletea lilivyo, sasa hivi ungekuwa barabarani unapiga honi."

Asali aliliona hilo vizuri kuliko alivyowahi kuona chochote. Alijitapeli mwenyewe, bila msaada wa mtu. Ufunguo ukarudi ulikotoka.

"Utepe mzima ni dakika thelathini na mbili, umeniletea nne," daktari akasema, akipangusa macho. "Mimi si dhulumati. Nne kwa thelathini na mbili ni fungu moja katika manane. Twende nje."

Akafungua buti, akampa gurudumu la akiba. Akafikiri kidogo, akaongeza jeki.

Jumamosi mchana mama mkwe alisikia kitu kinabingirika uani. Akatoka, mkewe Asali nyuma yake. Mkwewe alikuwa amesimama pale, tai shingoni, jeki kwapani, amelishika gurudumu lisimtoroke.

"Gari liko wapi?" mama mkwe aliuliza.

Nyuma ya bega la mama yake, mke alikuwa ameshaziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Shikamoo mama," alisema Asali. "Linakuja kwa awamu."